Usimalize kulipa boti kabla hujaiona bahari

Mwezi wa nane, timu yetu ya huduma kwa wateja ilifunga safari ya kwenda Shimoni. Tulikuwa watu 14. Mpango ulikuwa rahisi: tulale Ukunda, tuamke mapema, tupande boti hadi Kisite tukaone pomboo na matumbawe, turudi Wasini tule kaa na wali wa nazi, jioni tuwe barabarani. Kila mtu alichanga shilingi 3,500, jumla 49,000. Wiki mbili kabla ya safari pesa zote zikatumwa kwa simu kwa kijana aliyejitambulisha kama mwenye boti. Nambari ya kawaida, si till. Jina lilipotokea tukalisoma, tukaona ni jina la mtu, tukatuma.

Ndio, sisi. Watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuwaambia wateja, "Hakikisha kabla ya kutuma." Tunaanza na aibu yetu wenyewe ili usidhani tunakufundisha tukiwa tumekaa juu ya ukuta.

Tulipofika gatini asubuhi, upepo wa kusi ulikuwa umeshaanza kazi. Ndani ya mkondo, kati ya bara na kisiwa cha Wasini, maji yalionekana ya kawaida, angalau kwa macho ya watu wa Nairobi. Nahodha, mtu wa makamo, alikuwa amesimama kimya akiangalia upande wa nje, kule kisiwa kinapoishia.

"Bahari imechafuka," akatuambia. "Hapa ndani ni sawa. Huko nje mtaumia."

Mwenzetu mmoja akasema kile ambacho sote tulikuwa tunakifikiria: "Lakini mzee, sisi tumeshalipa."

Nahodha akasogea kando, akapiga simu. Hatukusikia alichoambiwa. Aliporudi hakutuangalia usoni. Akasema, "Haya, pandeni."

Tulipopita ncha ya kisiwa boti ikaanza kwenda mrama. Mawimbi yalikuja kwa ubavu, maji yakaingia, na baharia wake akashika ndoo akaanza kufua maji bila kusema neno. Hapo ndipo mtu akauliza jaketi za kuokoa maisha ziko wapi. Zilikuwa chini ya kiti cha mbele. Tukazihesabu huku tukishikilia mbao: 11. Ndani ya boti tulikuwa 16 pamoja na nahodha na baharia. Mbili kati ya hizo 11 kifungo kilikuwa kimevunjika. Tukawapa kwanza wasiojua kuogelea, na watu wanne waliopata ajira mwezi uliotangulia wakawa wanaangaliana kama waliokosea ofisi.

Nahodha hakungoja tumwombe. Aligeuza boti mwenyewe, na ndani ya dakika 40 tangu kuondoka tulikuwa tumerudi mkondoni. Hakuna aliyeumia. Watu walitapika, simu moja ikaanguka kwenye maji ya ngamani ikazimika kabisa, na pomboo hatukuwaona. Tulipompigia yule kijana kudai hata nusu ya pesa, jibu lake lilikuwa fupi: boti ilitoka, kwa hivyo kazi imefanyika. Na tukisema ukweli, hapo alikuwa ametushika. Boti ilitoka. Sisi ndio tuliotaka itoke.

Miezi kadhaa baadaye tulimtafuta yule nahodha. Kumbe boti ilikuwa yake. Kijana alikuwa broka tu. Kati ya zile 49,000, nahodha alikuwa ameahidiwa 18,000, na alipewa baada ya safari, si kabla. Siku ile alipopiga simu kusema bahari haifai, aliambiwa boti isipotoka hakuna kitu. Alikuwa tayari ameshanunua petroli kwa deni.

Hebu pangilia watu hao upya. Mwenye pesa zote yuko ufuoni Diani, hapandi boti. Anayepanda boti na kuijua bahari hana pesa mkononi. Na abiria wamelipa kila kitu, kwa hivyo wanataka kuona thamani yake leo hii hii. Katika hao watatu, mmoja tu ndiye aliyejua tusitoke, na yeye ndiye aliyekuwa na sauti ndogo kuliko wote.

Ndiyo maana maoni yetu ni haya, na tunajua si kila mwenye biashara ya boti atayapenda: usilipe safari ya baharini yote mapema. Haijalishi bei ni nzuri kiasi gani, au umeambiwa nafasi zinaisha, au utapunguziwa ukimaliza leo. Gharama ya safari igawanywe, na sehemu kubwa ibaki kwako hadi uwe umesimama gatini unaiona boti, unamwona nahodha, unaiona na bahari.

Sisi ni kampuni ya malipo. Tunapata ada watu wakituma pesa, na hatuna faida yoyote ukikaa nazo. Lakini tunapokea simu za wateja Jumatatu asubuhi, na zile za "nirudishieni pesa za boti" tunazijua. Huwa hazina mwisho mzuri. Kurudisha muamala kupo kwa ajili ya aliyekosea nambari, na hata huyo, mpokeaji akishatoa pesa kwa wakala, mambo yanakuwa magumu. Hakupo kwa ajili ya upepo. Ulituma kwa nambari uliyokusudia, kiasi ulichokusudia, ukaweka PIN yako mwenyewe. Kwa mfumo, muamala huo ni halali. Ugomvi uliobaki ni wa makubaliano, na kama makubaliano yalikuwa ya mdomo, sisi hatuna cha kushika.

Jinsi ya kuigawanya

Njia tunayoipenda ni ya vipande vitatu. Cha kwanza ni arbuni, kama wazee wa Pwani wanavyoiita: pesa kidogo ya kushika siku. Cha pili ni mafuta, unalipa asubuhi yenyewe mkishakubaliana kwamba mnatoka. Cha tatu ni salio, mkirudi.

Tulipoirudia safari hiyo mwezi wa pili uliofuata, tukiwa na nahodha yuleyule bila broka, tulikubaliana jumla ya 30,000 kwa watu 12. Kabla ya kutuma hata shilingi, tulimwandikia meseji hii: "Nahodha, safari ya Kisite Jumamosi, watu 12, jumla 30,000. Arbuni 6,000 leo. Mafuta 10,000 asubuhi gatini. Salio 14,000 tukirudi. Bahari ikichafuka wewe ndiye unaamua, na arbuni inahamia siku nyingine." Akajibu, "Sawa, nimekubali." Maneno machache tu, lakini ile meseji ina thamani kuliko dakika 20 za kuongea kwa simu. Inabaki. Ina tarehe. Kukitokea neno, kuna mahali pa kuanzia.

Kuna upande wa pili, na manahodha wametuambia bila kuficha. Mteja anaweka siku, nahodha anakataa wageni wengine, anajaza mafuta, halafu saa mbili asubuhi simu ya mteja imezimwa. Au mteja anatumia upepo kama kisingizio kwa sababu usiku ulikuwa mrefu. Ni kweli, na inauma. Arbuni ipo kwa sababu hiyo, na ukikosa kutokea bila sababu, arbuni imeenda. Usiidai. Lakini nahodha akiwa ndiye anayesema hatutoki, arbuni isife. Ihamie tarehe nyingine. Tofauti hiyo moja ndiyo inayomwezesha kusema "hapana" bila kuogopa njaa.

Swali lingine tunaloulizwa sana: je, nambari ya kawaida ni dalili ya utapeli? Hapana. Manahodha wengi wazuri, hasa wa Wasini, Mkwiro, Vanga na visiwa vya Lamu, hawana till na wanapokea kwa laini zao. Till au paybill ina faida kwamba jina la biashara linatokea na rekodi inakaa vizuri, lakini mtu mbaya pia anaweza kuwa na till. Swali la maana ni hili: jina linalotokea ukitaka kutuma, ni la nani katika safari hii? Kama ni jina la nahodha au mwenye boti, na amekutajia jina hilohilo kwa mdomo, endelea. Kama ni la mtu wa tatu, "tuma kwa ndugu yangu, laini yangu ina shida", simama hapo. Broka si mwizi kwa sababu ni broka. Wengine wanafanya kazi ya haki ya kutafutia boti wageni. Basi mlipe yake ya udalali kando, na ya boti iende kwa mwenye boti.

Na ada ya hifadhi usimpe mtu akulipie. Kisite, Watamu, Malindi, Mombasa na Kiunga ni maeneo ya bahari yanayolindwa, na yako chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. KWS haipokei pesa taslimu. Ada hulipwa kupitia eCitizen. Lipa mwenyewe kwa simu yako, hifadhi risiti, ionyeshe ukiulizwa. Kuna watu wamelipia "kila kitu pamoja na paki" halafu wakasimamishwa majini wakidaiwa tena. Ukiona bei imefungwa pamoja, omba ifunguliwe: boti kiasi gani, hifadhi kiasi gani, chakula kiasi gani, vifaa vya kuogelea kiasi gani.

Siku ya kwenda haichaguliwi na kalenda ya ofisi

Kosa letu la kwanza, kabla hata ya kutuma pesa, lilikuwa tarehe. Tulichagua Agosti kwa sababu ripoti za nusu mwaka zilikuwa zimeisha. Bahari haina habari na ripoti.

Pwani yetu inaendeshwa na pepo mbili. Kusi inavuma kutoka kusini, kuanzia kama Aprili hadi Septemba hivi, na nguvu yake kubwa huwa Juni hadi Agosti. Kaskazi inakuja kuanzia Novemba au Disemba hadi Machi. Kati yao kuna kipindi cha utulivu, matlai, mwezi wa kumi na wa kumi na moja. Kwa mtu anayetaka kuogelea juu ya matumbawe na kuona chini vizuri, kaskazi na matlai ndio wakati wake. Wakati wa kusi maji nje ya mwamba huwa na mawimbi, na mchanga uliotibuliwa hufanya maji yawe na ukungu. Wenye boti kadhaa wa kule kusini hupumzisha kabisa vyombo vyao Mei na Juni, wakavipaka rangi na kuviziba.

Sasa, mambo hayaendi sawasawa kwa kila kitu. Nyangumi hupita Watamu kati ya Julai na Septemba, katikati ya kusi. Ukitaka kuwaona lazima utoke nje ya mwamba wakati bahari haina adabu, na hiyo si safari ya mashua ndogo ya watalii kumi na baridi ya soda. Ni boti kubwa yenye injini mbili, redio, na nahodha anayeifanya kazi hiyo kila msimu. Bei yake ni juu na inastahili kuwa juu. Papa shilingi yeye huonekana zaidi wakati wa kaskazi. Kwa wasiomjua, ni yule papa mkubwa mpole ambaye mgongo wake umejaa madoa meupe kama sarafu zilizomwagwa. Kampuni ya pesa haiwezi kupita hapo bila kumtaja.

Baada ya pepo, tazama maji. Hapa ndipo watu wa bara tunapopotea sana, kwa sababu ziwa halituzoezi. Bahari ya Kenya hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea karibu dakika 50 kila siku. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na mkondo huwa na nguvu. Katikati yake ni maji mafu, tofauti ni ndogo na mkondo hulegea. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji huwa yamejaa mnamo saa kumi, alasiri na alfajiri, na yamekauka mnamo saa nne. Ukishajua hilo moja tu unaweza kupanga mambo mengi.

Mfano, magofu ya Takwa katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu. Njia nzuri ya kufika ni kwa mashua ndani ya kijito cha mikoko, na kijito hicho kinapitika maji yakiwa yamejaa. Ukipanga uwe pale saa nne asubuhi siku ya bamvua utakwama kwenye tope, utazame ndege wakitembea mahali ambapo ungekuwa unaelea. Na ukifika maji yakiwa juu halafu ukakaa sana kupiga picha, kurudi ndiyo shida. Mida Creek, pale Watamu, ni vivyo hivyo: maji yote ya hori hutoka na kuingia kwa mlango mmoja, na mlangoni mkondo una nguvu ya kumchukua mwogeleaji mzuri. Kwa Kisite ukitaka ule mchanga mweupe unaojitokeza katikati ya bahari, nenda maji yakipwa. Ukiwa na watoto au wasioogelea vizuri, tafuta siku za maji mafu.

Huhitaji kusoma jedwali lolote. Mwulize nahodha, "Siku hiyo maji yatakuwaje, na tutoke saa ngapi?" Anayejua kazi atakujibu papo hapo na pengine akubadilishie saa. Anayekujibu "wakati wowote ni sawa, bosi", huyo anauza nafasi. Mtu wa namna hiyo usimtumie hata arbuni.

Siku tatu kabla, soma utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa. Huwa wanatoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa Pwani, kama walivyofanya Mei 2024 wakati Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaelekea Tanzania. Tahadhari ikitoka, safari imeahirishwa, na kama ulilipa vipande huna la kulia.

Hesabu kwa mkono

Asubuhi, kabla ya kutuma pesa za mafuta, tembea juu ya boti. Usione haya. Boti ya kubeba abiria inatakiwa iwe imekaguliwa na kupewa leseni na Mamlaka ya Bahari Nchini, KMA, na leseni inaonyesha idadi ya abiria. Omba kuiona. Boti ile ya Agosti, tulikuja kujua, ilikuwa ya abiria 12. Sisi tulikuwa 14 na hakuna aliyeuliza, kwa sababu kuongeza wawili kulipunguza mchango wa kila mtu. Hiyo ndiyo hesabu mbaya kuliko zote tuliyowahi kufanya, na sisi tunafanya hesabu nyingi.

Jaketi zihesabiwe kwa mkono na zivaliwe kabla ya kuondoka, si zikaliwe. Funga kifungo, vuta. Ya mtu mzima haimshiki mtoto. Atateleza atoke chini. Mtoto asiye na jaketi ya kipimo chake hapandi, na hapa hatuna mjadala. Kisha angalia kama kuna mafuta ya akiba, nanga na kamba yake, na kitu cha kuwarudisha injini ikizima: injini ya pili, tanga au hata makasia. Ukitaka maoni ya mtu asiye na hisa, ulizia ofisi ya BMU ya ufuo ule. Wanajua boti gani inavuja na nahodha gani ni mzuri asubuhi lakini si baada ya chakula cha mchana.

Mtu mmoja aliyebaki nchi kavu awe na jina la boti, nambari yake, jina na simu ya nahodha, na saa mnayotarajiwa kurudi. Mkichelewa sana, huyo ndiye atakayewatafuta Walinzi wa Pwani, na atakuwa na cha kuwaambia.

Tuje kwa simu, jambo letu. Ile iliyoanguka ngamani ndiyo iliyokuwa na pesa za kikundi. Pesa hazikuzama, bila shaka. Ziko kwenye akaunti, haziko ndani ya kile kidude. Lakini watu 14 walikaa Wasini wakiwa hawawezi kulipia chakula hadi wakopeshane, na ilibidi mwenye laini aende Ukunda kuibadilisha. Weka pesa za siku kwa simu mbili za watu wawili, kila mmoja na PIN yake anayoijua yeye tu. Funga simu kwenye mfuko wa plastiki usioingia maji, shilingi mia chache tu. Beba noti kidogo. Na chaji usiku, kwa sababu simu inayotafuta mtandao baharini hula betri. Upande wa Shimoni na Vanga uko karibu na mpaka, na simu yako inaweza kushika mtandao wa Tanzania. Ukiona muamala unasuasua, usiutume mara ya pili. Angalia salio kwanza. Watu wamelipa kaa wawili wakala mmoja.

Bahari ikikataa, usione siku imeharibika. Wasini yenyewe, bila kutoka nje ya mkondo, ina bustani ya matumbawe ya zamani yaliyo nchi kavu, unapita juu ya njia ya mbao inayosimamiwa na kina mama wa kijiji, na ada yake unawalipa wao. Kuna mapango ya watumwa pale Shimoni. Ukiwa Mombasa, ziara ya ndani ya hori la Tudor kupita mbele ya Mji wa Kale na Fort Jesus haikutani na wimbi la maana. Kilifi na Mtwapa wana hori zao tulivu. Mwambie nahodha tangu mwanzo, "Nje kukikataa, tutafanya nini ndani, na itakuwa kiasi gani?" Bei ya mpango wa pili nayo iingie kwenye ile meseji.

Safari ya mwezi wa pili tulikuwa 12 kamili; wawili walibaki Ukunda na hawakufurahi. Jaketi zilikuwa 14. Nahodha alitumia sehemu ya arbuni kununua nne mpya, akatuonyesha moja moja kama mtu anayeonyesha nguo za harusi. Saa moja unusu asubuhi alisimama palepale aliposimama Agosti, akaangalia kulekule, muda mrefu zaidi ya tulivyotarajia. Hakuna aliyesema neno. Hatimaye akasema, "Twendeni, lakini saa sita niwe nimewarudisha." Mwenzetu akatuma ile 10,000 ya mafuta.

Pomboo walikuja wenyewe karibu na Mpunguti, wakubwa wawili na mdogo mmoja, wakapita chini ya boti. Saa sita kasorobo tulikuwa Wasini. Salio tulilituma tukiwa tumekaa gatini miguu imejaa mchanga, mtandao ukazunguka kidogo, kisha simu ya nahodha ikalia ndani ya kanzu aliyokuwa ameshavaa kwa ajili ya adhuhuri. Akaitoa, akasoma kiasi kwa sauti, 14,000, akasoma na jina la aliyetuma. Halafu akauliza kama zile 49,000 za Agosti tuliwahi kurudishiwa hata kidogo. Tukamwambia hapana.

"Mimi pia," akasema, "mafuta ya siku ile nililipa mpaka Oktoba."